Testa inawasha taa zote nane, lakini mtandao unakatika: kasoro ya kebo iko wapi?

SWALI: Ndugu fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji, Kigoma. Tumepata kompyuta 20, na fundi ametuvutia kebo za mtandao kutoka kwenye swichi (kile kisanduku kinachogawa mtandao) mpaka kila meza. Alipopima kwa testa taa zote nane ziliwaka, tukamlipa. Sasa kompyuta sita zinasoma kasi ya megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1000, na mbili zinakatika mara kwa mara, hasa mchana. Fundi anashauri tung'oe kebo zote tuweke Cat7. Tunataka pia kupeleka mtandao jengo la utawala, kama mita 140 kutoka maabara, na yeye anasema atapitisha kebo hiyo hiyo juu ya nguzo. Hela ya kamati ni kidogo. Tufanye nini?

JIBU: Mwalimu, habari ni njema, na pole kwa usumbufu. Kabla kamati haijatoa hata shilingi moja, naomba mambo mawili yasimame: msinunue Cat7 (kebo ya daraja la juu kuliko mnayohitaji), na msikubali kebo ya shaba ipite hewani kwenda jengo la utawala. Yote mawili nitayaeleza. Lakini nianze na testa, kwa sababu ndiyo iliyowafanya mlipie kazi ambayo haijakwisha.

Testa ile ya betri yenye vitaa vinane hupeleka umeme kidogo kwenye waya namba moja, ikaangalia kama umefika namba moja upande wa pili, kisha namba mbili, hivyo hivyo hadi nane. Taa zote zikiwaka kwa mpangilio, umejua kwamba nyaya nane zimeunganika na hazijabadilishana namba. Habari hiyo ni ya kweli na ina kazi yake. Ila testa haijui waya umetengenezwa kwa madini gani, haijui upi umesokotwa na upi, na haina habari ya kinachotokea data zinapopita kwa kasi. Kebo inaweza kuwasha taa zote nane na bado isifae kwa kazi uliyoinunulia.

Chukua kipande kilichobaki kwenye boksi, menya sentimita 20 hivi za ganda la nje. Ndani kuna nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili: chungwa na mwenzake mweupe wenye mstari wa chungwa, kijani na mwenzake, buluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Zilaze mezani sambamba uziangalie kwa karibu. Kuna jozi iliyosokotwa kwa kubana, na kuna iliyosokotwa kwa kulegea. Kiwanda kimefanya hivyo kwa makusudi.

Ishara hupita kwenye jozi kwa namna hii: waya mmoja ukipandishwa volti, mwenzake unashushwa kwa kiasi kile kile, na kifaa cha upande wa pili kinasoma tofauti kati yao. Sasa tuseme kebo imepita karibu na waya wa umeme wa volti 230, au taa ya tyubu. Makelele ya umeme yanaingia kwenye nyaya zote mbili karibu sawasawa, kwa sababu zimesokotana na kila moja inapata zamu ya kuwa upande wa makelele. Kifaa kinapotoa moja kwenye nyingine, makelele yanajifuta na ishara inabaki safi. Alexander Graham Bell alipewa hataza ya jozi ya nyaya zilizosokotwa mwaka 1881, kwa ajili ya simu, na mpaka leo kebo zetu zinaishi kwa ufundi huo huo. Misokoto ya jozi hutofautiana ili jozi jirani, ambazo zimelala pamoja mita kwa mita ndani ya ganda moja, zisisikiane.

Ukilishika hilo la jozi, matatizo yako yote mawili yanaanza kueleweka.

Etheneti yenyewe, yaani utaratibu wa kompyuta kuongea kwa kebo hizi, ilianzia kwenye maabara ya Xerox kule California mwaka 1973, Robert Metcalfe akiwa mmoja wa waasisi wake, na mwanzoni ilipita kwenye kebo nene ya aina ile ya antena. Mwaka 1990 ndipo kiwango cha kuipitisha kwenye jozi zilizosokotwa kilipotoka, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Mwaka 1995 ikaja megabiti 100. Zote mbili, kwa namna zilivyoenea maofisini, zilitumia jozi mbili tu: pini ya 1 na 2, na pini ya 3 na 6. Jozi nyingine mbili zilikaa bila kazi. Kiwango cha gigabiti moja, yaani hiyo 1000 yako, kilichotoka mwaka 1999, kinatumia jozi zote nne kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kompyuta inayosoma 100 mahali pa 1000 inakuambia jambo mahususi: jozi ya chungwa na ya kijani zinapitisha, lakini kuna jozi, mara nyingi ya buluu au ya kahawia, iliyodhoofika. Kadi nyingi za mtandao zikishindwa kuongea kwa jozi nne hujishusha zenyewe hadi 100. Nyingine hung'ang'ania gigabiti, zikakatika, zikaunganika, zikakatika tena. Huenda hao ndio wawili wako wa mchana.

Kabla ya kuilaumu kebo, mtoe mashakani kila mtuhumiwa mwingine. Kompyuta 12 zinasoma 1000 kwenye swichi hiyo hiyo, kwa hiyo swichi ni ya gigabiti. Chukua kompyuta moja inayosoma 100, ipeleke kwenye meza ya inayosoma 1000, ichomeke kwenye kebo ya pale. Ikisoma 1000, kompyuta haina kosa. Rudi kwenye swichi, hamishia kebo yenye shida kwenye tundu linalofanya kazi vizuri. Ikibaki 100, tundu pia halina kosa. Badilisha na kebo fupi ya mezani kama ipo. Kazi hiyo ni ya nusu saa na haigharimu kitu. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuifanya wakiandika matokeo ubaoni. Kwenye Windows kasi unaiona kwa kufungua hali ya adapta ya mtandao, au kwa kuandika amri Get-NetAdapter kwenye PowerShell, nayo inakuonyesha kasi ya kila adapta.

Kama kosa limebaki kwenye kebo, angalia plagi kwanza. Ni za plastiki angavu, rangi zinaonekana kwa macho. Ukiishika plagi kiulimi chake cha kubania kikiwa chini na pini zikikutazama upande wa juu, kutoka kushoto mpangilio uwe: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Huo ndio unaoitwa T568B. Upo na T568A, ambao chungwa na kijani zinabadilishana nafasi. Wowote unafaa mradi pande zote mbili ziwe sawa na jengo zima litumie mmoja. Zamani, kuunganisha kompyuta kwa kompyuta kulihitaji kebo yenye A upande mmoja na B upande mwingine. Vifaa vya gigabiti vya siku hizi hujirekebisha vyenyewe.

Ninachotaka ukitafute kwenye hizo plagi ni jozi zilizochanganywa, kosa ambalo testa ya taa nane haiwezi kuliona hata kidogo. Mtu anayebana plagi bila kuujua mpangilio huona ni busara kuziweka jozi zikifuatana: chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili. Akirudia vile vile upande wa pili, waya wa kwanza unakutana na wa kwanza, wa nane na wa nane, taa zinawaka, kazi inapokelewa. Lakini Etheneti inasubiri pini ya 3 na ya 6 ziwe jozi moja. (Mpangilio huo umerithiwa kwenye simu: pini mbili za katikati ziliachiwa jozi ya simu, na jozi ya pili ikawekwa kuizunguka.) Ukizipanga kwa kufuatana, pini ya 3 inapata waya wa kijani na pini ya 6 inapata wa buluu. Nyaya mbili zilizotakiwa kuwa pacha zinasafiri kila moja imejisokota na mgeni. Kujifuta kwa makelele kunakufa, na jozi zinaanza kuchafuana ndani ya kebo yenyewe. Kwenye kebo ya mita mbili huenda usione chochote. Kwenye mita 30 mtandao unasuasua, na umeme ukitumika kwa wingi chumbani, feni zote zinazunguka na taa zote zinawaka, unakatika. Nimeshakuta shule na ofisi zilizobadilishiwa swichi, zikabadilishiwa hata kompyuta, na dawa ilikuwa kukata plagi mbili na kuzibana upya kwa mpangilio sahihi.

Angalia pia ganda la nje la kebo: liingie ndani ya plagi mpaka libanwe na kile kijimeno cha plastiki. Ukiona sentimita tatu nne za nyaya zilizofumuliwa zikining'inia nje ya plagi, hiyo ni kazi ya kurudiwa. Msokoto haufumuliwi zaidi ya milimita 13 mpaka kwenye pini, karibu upana wa ukucha wa kidole cha mkono. Na kuna plagi za waya mgumu wa uzi mmoja, na za waya laini wenye nyuzi nyingi. Kebo ya boksi inayovutwa ukutani ni ya waya mgumu. Ikibanwa na plagi ya waya laini inashika leo na kulegea baadaye, hasa sehemu inayosukumwa na magoti ya wanafunzi.

Sasa tuje kwenye madini, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo shule nyingi za mikoani zinapopoteza hela.

Madukani kuna boksi za kebo zenye maandishi Cat6 ambazo waya wake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwa herufi huandikwa CCA, ikiwa muuzaji ni mkweli. Mara nyingi haiandikwi kabisa. Bei yake huwa chini sana, boksi ni jepesi unapolinyanyua, na kwa macho waya unang'aa kama shaba. Kiwango cha kebo za aina hii kinadai shaba tupu, kwa hiyo kebo ya aluminiamu haistahili kuitwa Cat6 wala Cat5e hata kama imechapishwa hivyo kila mita. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba. Ni dhaifu ikikunjwa: waya unapata ufa ndani ya plagi, unagusana, unaachia. Dari chini ya bati ikipata joto la mchana vitu vinatanuka, ufa unafunguka. Jioni vinasinyaa, mtandao unarudi. Muuzaji atakuambia ishara za kasi hupita kwenye ngozi ya waya, ambako ni shaba, kwa hiyo cha ndani hakina neno. Kuna ukweli kidogo katika hilo kwa masafa ya juu, lakini hauondoi udhaifu wa waya wala ukinzani wake, na mkija kuweka kamera au vifaa vya waifai vinavyopokea umeme kupitia kebo hiyo hiyo, ukinzani huo unageuka joto darini na volti hazifiki.

Kuutambua ni rahisi. Kwangua waya mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, aluminiamu inatoa weupe wa fedha. Ukunje huku na huku mahali pamoja. Aluminiamu inakatika mapema. Lakini kebo iliyokwisha kufungwa ukutani huwezi kuikwangua yote, na hapo nawaomba mtumie multimita, kile kifaa cha kupima volti na ukinzani, ambayo naamini ipo kwenye maabara yenu ya fizikia.

Fanya hivi. Tafuta kebo fupi ya zamani yenye plagi pande mbili, ikate katikati. Nusu ya kwanza imenye, kisha kila jozi izungushie nyaya zake mbili pamoja zigusane: chungwa na mweupe-chungwa, na kadhalika. Nusu ya pili imenye lakini uache nyaya wazi. Nunua viunganishi viwili vidogo vyenye tundu la RJ45 (lile la plagi ya mtandao) kila upande. Chomoa kebo unayotaka kuipima pande zote mbili, maana hupimi kebo iliyochomekwa kwenye kifaa. Upande wa meza chomeka nusu ya kwanza, upande wa swichi chomeka nusu ya pili, kisha pima ukinzani wa kila jozi. Kwanza gusanisha ncha za multimita zenyewe, andika namba inayosoma, uitoe kwenye vipimo vyako vyote.

Urefu wa kebo nao unaupata bila futi kamba: kwenye ganda la nje kuna namba zilizochapishwa kila mita (nyingine kila futi, na boksi la futi 1,000 ni mita 305). Soma namba upande huu, soma upande ule, toa. Shaba ya unene wa kawaida, ule unaoandikwa 24AWG, ina ukinzani wa omu 8.4 hivi kwa mita 100 za waya mmoja, na kiwango kinaruhusu usizidi 9.38. Umeme wako unaenda na kurudi, kwa hiyo zidisha kwa mbili. Kebo ya mita 30 ya shaba itasoma karibu omu 5. Ikisoma 8 na kuendelea kwenye jozi zote nne, ni aluminiamu au waya mwembamba kuliko ulioandikwa. Na kama jozi tatu zinasoma 5 na moja inasoma 12, au namba inarukaruka ukitikisa plagi, waya ni mzima na kosa liko kwenye ubanaji wa jozi hiyo. Hiyo ndiyo habari ambayo taa nane haziwezi kukupa, na unaipata kwa kifaa mlichonacho kabatini. Ila jozi zilizochanganywa multimita nayo haizioni: pini ya 3 na ya 6 ukizipima pamoja zitasoma kama kawaida, kwa hiyo kwa kosa hilo kuzitazama rangi ndani ya plagi bado ndiko ushahidi wa mwisho.

Matokeo yataamua hela inakwenda wapi. Ikionekana ni shaba, msing'oe hata kebo moja. Nunueni plagi na mbane upya zile kebo nane zenye shida, au bora zaidi wekeni soketi ya ukutani kwa kila meza na kebo laini fupi kutoka soketi hadi kompyuta, ili kinachosukumwa na kuvutwa kila siku kiwe kebo fupi ya bei ndogo inayobadilishwa kwa dakika moja. Ikionekana ni aluminiamu, badilisheni kwanza zile mbili zinazokatika, kisha zile sita, na nyingine muende nazo kadiri zinavyougua. Na fundi ana wajibu hapa: kama hati ya malipo ilisema Cat6, na multimita inasema vingine, mpelekeeni vipimo kwa heshima na mzungumze. Huenda naye aliuziwa.

Kuhusu Cat7, jibu ni fupi. Cat5e ya shaba inapitisha gigabiti moja kwa mita 100. Cat6 inapitisha hiyo kwa nafasi zaidi, na gigabiti 10 kwa umbali mfupi, usiozidi mita 55. Cat6A inapitisha gigabiti 10 kwa mita 100 kamili. Cat7 ni kebo yenye kinga ya foili kwa kila jozi, iliyokusudiwa plagi za aina nyingine kabisa, na kinga hiyo inahitaji kuunganishwa na waya wa ardhi kwa ufundi. Ikifungwa na plagi za kawaida na kuachwa hivi hivi, mmelipia foili isiyofanya kazi yake. Maabara ya kompyuta 20 inatosheka na Cat5e au Cat6, mradi iwe shaba tupu. Nikilazimika kuchagua kati ya Cat5e ya shaba na boksi lenye jina kubwa la aluminiamu, nitachukua Cat5e bila kusita. Kumbukeni pia kwamba intaneti ya shule huenda haifiki megabiti 20. Kompyuta inayosoma 100 haicheleweshwi na kebo wanafunzi wanapofungua tovuti. Gigabiti itawasaidia kwenye mambo ya ndani, kama kunakili mafaili, au mkiweka kompyuta moja yenye programu ya Kiwix ili darasa zima lisome Wikipedia bila intaneti. Faili la gigabaiti moja haliwezi kupita kwa chini ya sekunde 80 kwenye 100. Kwenye 1000 linaweza kupita kwa sekunde kama 10. Kwa hiyo zile sita zinaweza kusubiri muhula ujao. Zile mbili haziwezi.

Suala la mchana lina upande mwingine wa kuangalia: kebo zimepita wapi? Zikiwa kwenye bomba moja na nyaya za umeme, au zimefungwa pamoja darini kwa zipu (vile vikanda vya plastiki vya kufungia), zitenganishwe. Achieni walau sentimita 20 hadi 30 zinapokwenda sambamba, na pale lazima zikutane, zipishane kwa pembe mraba. Zisipite juu ya taa ya tyubu. Zipu zisikazwe mpaka kebo ibonyee, na kona zisiwe kali. Na kwa kuwa dari zetu zina panya, bomba la plastiki ni la lazima. Panya hana haja na data, anapenda tu kunoa meno kwenye plastiki.

Sasa jengo la utawala, ambalo ndilo linanipa wasiwasi kuliko yote.

Kebo ya Etheneti ya shaba mwisho wake ni mita 100: 90 za kebo ngumu iliyofungwa, na 10 za kebo fupi za pande zote mbili. Mita 140 zinaweza kuwaka taa siku ya kwanza, pengine kwa kasi ya 10 au 100, kisha zikawa chanzo cha simu za kila wiki kwa fundi. Lakini hata kama jengo lingekuwa mita 60, ningesema hivi hivi, kwa sababu ya radi. Kigoma na Tabora tunajua mvua za Novemba hadi Aprili zinavyokuja. Kila jengo lina waya wake wa ardhi. Radi ikipiga ardhini jirani, hata isiguse kebo, ardhi ya jengo moja inapanda volti kwa ghafla kuliko ya lingine, na kebo ya shaba iliyounganisha majengo hayo inakuwa ndiyo njia ya umeme kupita. Matundu ya Etheneti yametengenezwa kuvumilia volti 1,500 kati ya kebo na kifaa. Radi inazidi hapo bila shida. Inachoma swichi, halafu kupitia swichi inaingia kwenye kompyuta zote 20, na mwanafunzi aliyeshika kifaa wakati huo yuko hatarini pia. Kebo kupita juu ya nguzo inaongeza hatari hiyo, na ganda la kijivu la ndani ya nyumba hukakamaa na kupasuka kwa jua la ziwani.

Tumieni fiba. Ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, haupitishi umeme, kwa hiyo radi haina daraja la kuvukia. Watu hudhani ni ya makampuni makubwa ya simu tu, lakini tangu intaneti ya fiba ianze kuingia majumbani, kebo yake bapa nyeusi imekuwa bidhaa ya kawaida na unaweza kuagiza mita 160 ikiwa imeshafungwa ncha kiwandani. Mnahitaji pia vigeuzi viwili, kimoja kila upande, vinavyobadili mwanga kuwa Etheneti. Vya uzi mmoja huuzwa kwa jozi, A na B: A hutuma kwa mwanga wa nanomita 1310 na kupokea kwa 1550, B kinyume chake. Mkinunua A mbili hazitaongea kamwe. Mita 140 kwa vifaa hivyo ni umbali mdogo mno. Vingi huandikwa kilomita 20.

Jambo moja mafundi wengi hulisahau: kebo hiyo bapa mara nyingi ina waya wa chuma ubavuni wa kuibebea kwenye nguzo, na baadhi zina vyuma vyembamba hata pembeni mwa uzi wenyewe. Ukiuingiza waya wa chuma ndani ya jengo umeirudisha radi kwa mlango wa nyuma. Agizeni isiyo na chuma kabisa, na kama haipatikani, waya wa kubebea ukatwe nje, mbali na ukuta, usifike kwenye kigeuzi. Mimi ningeifukia ndani ya bomba jeusi la plastiki la maji, kina cha nusu mita, pembeni mwa njia ya miguu ambako hakuna bustani ya shule, jembe lisiifikie. Wekeni kamba ya ziada ndani ya bomba kwa ajili ya kuvutia nyingine baadaye. Ncha za fiba zisiguswe kwa kidole, maana vumbi au mafuta ya ngozi yanatosha kuziba mwanga. Zifutwe kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Na mtu asichungulie ndani ya ncha iliyo hai, mwanga wake hauonekani lakini si rafiki wa jicho.

Kama fiba imeshindikana kabisa mwaka huu, redio mbili za waifai zinazotazamana zitavuka mita 140 bila taabu, mradi hakuna mwembe katikati. Ila redio hizo hufungwa nje na kulishwa umeme kwa kebo ya shaba, kwa hiyo zinataka kebo ya nje yenye ganda jeusi, kinga ya radi na waya wa ardhi uliofungwa ipasavyo. Ukijumlisha hayo, tofauti ya bei na fiba hupungua sana.

Mkimaliza kupima zile kebo nane, niandikie namba za kila jozi na urefu wa kila kebo, pamoja na picha ya plagi kwa karibu rangi zikionekana. Nitakuambia ipi ibanwe upya na ipi ibadilishwe, na mtaenda dukani mkiwa na idadi kamili ya mita za kununua.